Damu Nyepesi

Majengo, Moshi
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mama Mathew,

Umenizidi miaka tisa, na adabu inataka nianze na shikamoo. Leo sianzi nayo. Umenikatia simu mara tatu, na mara ya nne umeifungia kabisa namba yangu. Vizuri. Barua haikatiki. Nimempa mdogo wangu Shakiru, anayekuja Kwa Sadala kununua ndizi siku za soko, akukabidhi mkononi mbele ya wateja wako, usije kusema hukuipata.

Mwanangu Raya yuko kwako na kichanga cha wiki tatu. Alijifungua kwa upasuaji. Siku ya nane mguu wake wa kushoto ukavimba kuanzia paja hadi unyayo, akarudishwa hospitali, wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa paja. Walimchoma sindano siku tano. Wakampa vidonge vya kumeza kila jioni kwa miezi mitatu, wakamwambia arudi kila Jumatano kupimwa. Sihadithiwi, nilikuwapo wodini.

Jumatano iliyopita hakutokea. Nilikaa kwenye benchi la maabara tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, nikitazama kila gari linaloingia. Nilipompigia akasema, "Niko salama, Mama," kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia akiwa amevunja kikombe. Nikamuuliza kuhusu vidonge. Kisha nikasikia sauti yako: "Hapa kwangu hakuna mzazi atakayekunywa dawa ya kumaliza damu." Simu ikakatwa.

Wewe nani amekupa wodi? Ulisomea wapi udaktari unaopindua maneno ya daktari? Watu wa namna yako nimepambana nao miaka ishirini na saba darasani: wakiona karatasi wanainua mabega, wakisikia jina la dawa wanatafuta mzizi.

Na jingine. Nimesikia Baba Mathew amechinja mbuzi kumpongeza mzazi. Najua mnachofanya na damu ya mbuzi huko juu. Mwanangu ni Mwislamu. Ikiwa umemnywesha kisusio, hiyo supu yenu ya damu, umeingiza mkono mahali usipopaswa, na hilo halitaishia kwenye barua.

Nataka vidonge vyake avimeze leo jioni, na Jumatano nimwone maabara.

Mwanajuma Yassin
Mwalimu wa Baiolojia

*

Kihambani, juu ya Kwa Sadala
Ijumaa, 7 Juni 2024

Mwalimu,

Barua nimeipata. Shakiru aliitangaza bahasha yako kama mpiga mnada, soko zima likageuka. Nimeisoma nimesimama, nikaiweka kifuani, nikaendelea kupanga ndizi. Shikamoo yako baki nayo, sijawahi kufa kwa kuikosa.

Nianze na mbuzi. Alichinjwa, ndiyo. Damu niliikinga mwenyewe na kuikoroga kwa mkono huu ninaoandikia, wakanywa waliostahili kunywa. Raya sikumpa. Siku alipofika nilimnunulia sufuria yake mpya, mwiko wake na bakuli lake, na hakuna damu wala kitimoto kilichowahi kuvigusa. Nyama ya mtori wake anachinja mzee Mashaka, mwenzenu. Ningekueleza haya kama ungeniuliza. Wewe huulizi, unahukumu.

Sasa dawa. Bahasha yake ninayo hapa mezani. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Ya kufanya damu iwe nyepesi. Kidonge kimoja jioni." Mwalimu, siku ya upasuaji walisema Raya ana damu pungufu, wakamtundikia chupa nzima. Mathew mwenyewe alimtolea mkewe damu kabla hajarudi kazini Geita. Wiki mbili hazijapita, hospitali hiyohiyo inampa dawa ya kuifanya nyepesi. Leo wanajaza, kesho wanazimua. Wewe msomi, nieleze.

Mimi nimelea wazazi wanne katika nyumba hii. Mzazi hulala, hula mtori, hula mboga ya mnafu sahani ikajaa, damu ikarudi ikawa nzito, maziwa yakashuka. Raya anakula mnafu mchana na jioni. Mashavu yamerudi. Mtoto, Faraja, ananyonya kama anamkimbiza mtu.

Na umesema utamsubiri maabara. Unapenda sana kusubiri mbali. Siku ya harusi ulisema mbele ya watu wa pande mbili kwamba mguu wako hautakanyaga kihamba chetu, hii ardhi ya ukoo. Sasa mguu wa mwanao umevimba, na wako bado uko Majengo.

Theodora, Mama Mathew

*

Majengo
Jumapili, 9 Juni 2024

Mama Mathew,

La kisusio nimekosea. Nalifuta, na sufuria mpya nakushukuru. Nisingependa kuandika sentensi hiyo, lakini ni haki yako.

Yaliyobaki sifuti hata nukta.

Umeniuliza swali la maana, na tangu mwaka huu uanze hakuna mwanafunzi aliyeniuliza lililo bora zaidi: inakuwaje wamwongezee damu kisha waifanye nyepesi? Jibu ni kwamba hawaifanyi nyepesi. Aliyeandika neno hilo kwenye bahasha alikuwa mvivu. Vidonge vile havipunguzi damu hata tone, haviitii maji, haviifanyi hafifu. Vinalizuia ini lisitengeneze kwa wingi protini za kugandisha. Basi. Damu inabaki ileile, ila inachelewa kuganda.

Sasa nikuulize mimi. Wewe umekoroga damu ya mbuzi maisha yako yote. Kwa nini inaanza kuganda mara inapofika kwenye sufuria, mpaka ukoroge na kuzitoa zile nyuzi zinazonasa kwenye vidole? Na ndani ya mbuzi ilizunguka miaka mitatu bila kuganda. Huko nani alikuwa akiikoroga?

Jibu ni ukuta. Mishipa yote kwa ndani, tangu mikubwa hadi ile isiyoonekana kwa macho, imetandazwa seli laini zilizovaa utando unaoteleza. Kila dakika seli hizo zinatoa kemikali za kuzifukuza chembe zinazoanzisha kuganda: piteni, msishike hapa. Damu ikitoka nje ya ukuta huo, inaganda. Ukuta ukijeruhiwa, inaganda. Na ikilala bila kutembea, kama ilivyolala kwenye mguu wa mwanamke aliyepasuliwa akalazwa siku kadhaa, inaweza kuganda humohumo ndani. Mwanamke aliyetoka kujifungua ndiye aliye karibu zaidi na hatari hiyo, kwa sababu mwili wake umejiweka tayari kugandisha ili kuziba jeraha la uzazi. Unasema unataka damu yake iwe nzito. Ni nzito tayari kupita kiasi, kwa maana hiyo yako!

Mguu umevimba kwa nini? Ninyi watu wa mifongo, mifereji yenu ya kumwagilia, mnapaswa kulielewa hili kabla yangu. Mfongo mkubwa unaleta maji kutoka mlimani, lakini haunyweshi mbuni wa kahawa hata mmoja. Maji yanapita tu. Kinachonywesha ni vile vijifereji mnavyochimba katikati ya migomba, ambavyo kingo zake zinanywa maji. Mwilini vijifereji hivyo vinaitwa kapilari. Ni vyembamba kuliko unywele, chembe nyekundu zinapita moja moja, nyingine zinajikunja ili zipenye. Ukuta wake ni seli moja tu kwa unene. Hapo, na si kwenye mshipa mkubwa, ndipo oksijeni na chakula vinatoka kwenda kwenye nyama ya mwili, na taka zinaingia ili ziondolewe. Maji nayo hutoka mwanzoni kwa kusukumwa, na mengi hurudi mwishoni kwa kuvutwa na protini zilizobaki ndani ya damu. Kutoka na kurudi, usiku na mchana, bila wewe kuhisi.

Ziba sasa njia ya kutokea kule mbele. Damu inajaa nyuma, msukumo unapanda hadi kwenye kapilari, maji yanayotoka yanazidi yanayorudi. Huo ndio uvimbe wa Raya. Si mafuta ya uzazi, si baridi ya Juni.

Na uvimbe si wa kuogopwa kuliko yote. Kipande cha donge kikikatika kinapanda hadi moyoni, kinasukumwa mapafuni, kinaziba mshipa kabla damu haijafika kwenye kapilari zinazopokea hewa. Mtu anavuta pumzi, hewa inaingia, na hakuna damu ya kuipokea. Anakufa amefungua mdomo.

Halafu mnafu. Ini linatumia vitamini K kutengeneza zile protini za kugandisha, na mnafu umejaa vitamini hiyo. Dawa umemnyima, mnafu umeujaza sahani. Kama ungetaka kumwua usingepanga vizuri zaidi.

Kuhusu mguu wangu: nilisema, na sisemi leo kwamba sikusema. Nilikuwa na sababu. Wewe unataka nije nipige magoti kwenye uwanja wako wa kahawa, na mimi nataka kidonge kimoja kila jioni. Angalia lipi jepesi.

Mwanajuma

*

Kihambani
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mwalimu,

Umeandika kurasa nne. Nimezisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Baba Mathew akisikiliza. Akasema, "Huyu mama angekuwa mwanaume angekuwa diwani." Nikamwambia yeye angekuwa mwanamke angekuwa amekufa kwa uvivu.

Swali lako la sufuria limenikaa. Miaka arobaini nimekoroga, wala sikuwahi kuuliza kwa nini mbuzi hakorogwi akiwa hai.

Lakini la mfongo umelikosea. Mfongo unaovuja tunauziba kwa gogo la mgomba na udongo, maana maji yakipotea juu, wa chini hapati. Wewe unaniambia mwili mzima umejaa vifereji vinavyovuja, kisha unasema tumwache bila cha kuzibia. Hicho ndicho ninachokiogopa, na sikuogopi wewe.

Nikuambie usichokijua. Nilikuwa na dada, Theopista. Alijifungua mwaka 1989, mtoto wa tatu, hapahapa. Damu ilianza kutoka asubuhi. Ilikuwa nyekundu kwanza, baadaye ikawa kama maji ya kuoshea nyama, haikushika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Tulimbeba kwenye machela hadi barabarani, na tulipofika barabarani hakukuwa na haja ya gari. Ile ndiyo damu nyepesi, Mwalimu. Sijaisoma kwenye kitabu, imenimwagikia kanga. Kwa hiyo mtu akiniandikia neno hilo kwa kalamu ya bluu, aniletee nyumbani, aniambie nimpe mke wa mwanangu, mkono wangu unakataa.

Vidonge viko kabatini kwangu na ufunguo ninao mimi. Lawama zote ni zangu. Nitukane mimi, nina mgongo mpana. Mwingine yeyote katika nyumba hii usimguse kwa hili.

Mguu wake jana niliubonyeza. Kidole kiliacha shimo. Nimelitazama mpaka likajaa tena, lilichukua muda.

Theodora

*

Wodi ya Wanawake
Jumatano, 19 Juni 2024

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia ingawa kesho utakuja, kwa sababu ukija nitashindwa tena. Jana ulikaa kitandani kwangu saa mbili. Ulinichana nywele, ukanilisha pilau la Idi ulilobaki nalo, na muda wote ulikuwa ukimtukana mama mkwe wangu. Mimi nikatafuna tu. Namtuma mjomba Shakiru akuletee hii.

Jumamosi nilikuwa nimeinama namwogesha Faraja. Nikasikia kitu kama kisu chini ya mbavu, kisha pumzi haikutosha. Nilivuta na kuvuta, ikawa kama navutia kwenye kitambaa kilicholowa. Mama mkwe hakuuliza mtu. Alimnyakua mtoto kutoka majini akampa jirani, akanifunga kanga, akasimama katikati ya barabara mbele ya pikapu ya Godwin wa sokoni, ambayo ilikuwa imejaa kabichi, na kabichi zikashushwa pale pale. Njia nzima alinishikilia nimekaa wima, kifua chake mgongoni kwangu, ananiambia, "Vuta na mimi. Sasa toa. Vuta." Daktari anasema kipande kilichoziba pafu kilikuwa kidogo, na kwamba tungesubiri hadi Jumapili asingekuwa na la kusema.

Ulipofika ulimkuta koridoni na mafuta ya gari kwenye gauni. Ulimwita muuaji mbele ya watu. Nilisikia kupitia mlangoni.

Mama, aliyeacha dawa ni mimi.

Jioni ya tatu nyumbani nilipiga mswaki nikaona damu kwenye povu. Nikatazama bahasha: iwe nyepesi. Nilikuwa nasikia kizunguzungu tangu hospitali. Nikaona basi, damu yangu inayeyuka, na kwa kuwa maziwa yanatokana na damu, nitamnyonyesha Faraja maji. Nilivipeleka vidonge kwa mama mkwe nikamwomba avifungie. Yeye pia neno lile lilimtisha, sitaki kumsafisha kupita kiasi. Lakini alinitazama sana, akasema, "Mama yako ataniua mimi." Nikamwambia bora wewe kuliko mimi. Akacheka, akafunga kabati. Kila barua yako ilipokuja alinisihi nikuambie ukweli. Nilimwapisha asiseme, naye hakusema.

Najua unajiuliza: mtoto wa mwalimu wa baiolojia? Kidato cha pili ulinifundisha wewe mwenyewe. Nilichora kapilari, nikaziwekea mishale, nyekundu kwenda na bluu kurudi, ukanipa alama tisa kati ya kumi. Ulinifundisha kwa ajili ya mtihani, Mama. Hukuniambia hata siku moja kwamba ni zangu.

Usimpigie kelele. Na mimi usinipigie kelele mpaka Ijumaa, pumzi bado hainitoshi kujibu.

Raya

*

Majengo
Alhamisi, 20 Juni 2024

Shikamoo, Mama Mathew.

Nimekuita muuaji mbele ya foleni ya watu kumi na wanane. Najua idadi kwa sababu leo nilirudi, nikasimama mahali pale pale, nikavihesabu viti vilivyokuwa vimejaa siku ile. Waliokaa leo hawakuwa walewale, nisingeweza kukanusha mbele yao. Kwa hiyo nakuomba radhi wewe, kwa wino, na barua hii uionyeshe kwa yeyote umtakaye, soko zima ukipenda.

Ulijua si wewe. Uliniachia nikuvue nguo kwenye kurasa na koridoni, ukamfunika mwanangu. Mimi niliyemzaa nilikuwa sijawahi kumfunika hivyo. Kosa lake lolote nilikuwa nalisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Usidhani nimelainika. Ufunguo ulikuwa wako, na mtu mzima akipewa dawa na msichana aliyeogopa, anampandisha gari kwenda kuuliza, hafungi kabati. Hapo tulikosea sote watatu, na wewe una fungu lako. Na la Theopista: ungeniambia mapema, barua yangu ya pili ningeiandika kwa namna nyingine. Hofu yako haikuwa ya kijinga. Dawa ile kweli inaweza kumtoa mtu damu ikizidi, ndiyo maana ya kipimo cha kila Jumatano. Fizi zile zilipaswa kuelezwa kwa daktari siku ileile. Hilo sikuliandika kwa sababu nilikuwa nataka kushinda.

Nimelala na kuamka na swali moja. Binti mwenye kidato cha nne, mama mwenye miaka arobaini ya kukoroga damu, na mwalimu mwenye shahada, wote watatu wanagonganishwa vichwa na neno moja lililoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Alitumia nusu dakika. Mwanangu aliilipia nusu dakika hiyo kwa pafu lake.

Ijumaa akiruhusiwa, arudi kwako. Sufuria yake iko kwako, na mtoto amezoea. Nitamleta mwenyewe, nimemshika mkono, hadi ndani. Atakayenikumbusha nilichosema harusini nitamjibu kwamba nilisema kwa hasira, na hasira ile nimeitua Majengo.

Mwanajuma

*

Kihambani
Jumanne, 25 Juni 2024

Mwalimu,

Marahaba. Ulipokuja Ijumaa hatukupata nafasi ya kuongea, watu walijaa uani kukuangalia kama umeletwa kwenye maonyesho. Baba Mathew bado anasimulia jinsi ulivyomsahihisha Kiswahili chake kabla hujakaa.

Nakuandikia hata sasa ambapo namba yako nimeifungulia, maana nimeona barua inakufanya usikilize hadi mwisho.

Jana nilimshusha Raya kliniki, wakampima, wakasema dozi iongezwe kidogo na Jumatano ya wiki ijayo arudi. Mnafu hawakumkataza. Nesi mmoja, binti mpole, amesema asiache wala asijaze, kiasi kilekile kila siku, ili dozi isiyumbe. Nimemtengea kibakuli kimoja, cha mchana. Nimeambiwa pia niangalie fizi, mkojo, choo, na michubuko isiyo na sababu. Mambo yote hayo yalichukua dakika tano kuelezwa. Wangenipa dakika hizo mwezi wa tano.

Kisha tukaenda dirishani kuchukua vidonge. Kijana akachukua kalamu ya bluu akaandika: ya kufanya damu iwe nyepesi.

Nikairudisha bahasha. Nikamwambia aandike upya. Akaniuliza aandike nini. Nikamwambia, "Ya kuzuia damu isigande ndani ya mshipa." Akacheka, akasema, "Bibi, ni maneno tu, dawa ni ileile." Nikamwambia kwa maneno hayo tu huyu unayemwona hapa alipanda pikapu ya kabichi akitafuta hewa. Foleni ikaanza kulalamika. Mzee mmoja akasema nipishe. Nikawaambia nimesimama hapa tangu mwaka 1989, wasubiri kidogo. Hawakunielewa, lakini walisubiri. Kijana akaandika. Raya aliona aibu mpaka akajifunika ushungi usoni.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Nyuma yetu alikuwa mama kutoka Sanya Juu, naye amejifungua, naye mguu. Akachukua bahasha yake, nikachungulia. Nyepesi. Kijana ameniandikia mimi ili niondoke, akaendelea na kazi yake.

Nilimfuata yule mama hadi nje nikamweleza, kwa mfongo, kwa mbuzi, kwa ukuta, jinsi ulivyonifundisha. Alielewa upesi. Lakini mimi siwezi kukaa dirishani kila siku, nina ng'ombe.

Wewe una kalamu kali na huna haya. Andika. Usitie maneno makubwa, na usimtukane yule kijana, ametumwa. Andika kwa wakubwa wake. Mimi nitatia saini kwa jina langu kamili. Njoo tuandikie hapa, chai ipo.

Theodora

*

Kihambani, juu ya Kwa Sadala
Ijumaa, 28 Juni 2024

Kwa Mganga Mfawidhi,

Sisi ni wanawake watatu wa familia moja. Mmoja wetu, baada ya kujifungua, alilazwa kwako mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza ni kwa sababu damu iliganda mguuni, na hilo hatukulaumu. Mara ya pili ni kwa sababu bahasha yako ya dawa ilituambia uongo, nasi tukauamini.

Imeandikwa kwenye bahasha hiyo kwamba dawa inafanya damu iwe nyepesi. Katika vijiji hivi na katika mitaa ya Moshi, damu nyepesi ni ugonjwa. Ni damu iliyopungua, damu ya mtu anayeanguka shambani, damu iliyomtoka marehemu akiwa kwenye uzazi. Mwanamke anayenyonyesha akisoma hivyo, anaacha dawa. Haachi kwa ujinga. Anaacha kwa sababu amesoma vizuri mlichoandika vibaya.

Tunataka neno hilo lifutwe. Mwandike kwamba dawa inazuia damu isigande ndani ya mshipa. Tunataka kila mzazi anayepewa dawa hii aelezwe kabla ya kuondoka wodini, kwa Kiswahili, au kwa Kichagga kama ndiyo lugha yake, yeye pamoja na atakayempikia: kwamba damu yake haipungui, kwamba maziwa hayaharibiki, kwamba mboga asiache wala asizidishe, kwamba akiona damu kwenye mswaki aje siku hiyohiyo, na kwamba pumzi ikikata asisubiri mtu. Tumepima kwa saa ya ukutani. Ni dakika tano. Mkikosa wa kueleza, mwandishi wa barua hii amefundisha baiolojia miaka ishirini na saba, na aliye kushoto kwake anaeleza vizuri kuliko yeye.

Hatuombi fadhila. Damu ni yetu, mishipa ni yetu, na tuna haki ya kujua kinachofanyika ndani yake.

Usitutumie jibu kwa posta. Raya ana kipimo Jumatano, tarehe 3 Julai, saa mbili asubuhi. Tutakuja wote watatu na mtoto, na yule mama wa Sanya Juu amesema atakuja na dada zake. Andaeni viti.

Mwanajuma Yassin
Theodora Wenseslaus
Raya Mathew